Chemchemi katikati ya uwanja wa mtaa inakula nafasi kiasi gani?

SWALI

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Tuna eneo la wazi la mita 60 kwa 40. Magharibi kuna barabara na kijiwe cha bodaboda, kaskazini kuna maduka na genge, kusini ukuta wa shule ya msingi, mashariki nyumba za watu. Amejitokeza mfadhili wa kutujengea uwanja wa kupumzikia na mikutano, na mchoro umeshaletwa: chemchemi kubwa ya mapambo katikati, jukwaa la zege lenye paa, bustani za maua zilizoinuliwa, pevingi kila mahali, na uzio wa nondo wenye geti moja. Wenzangu wanasema chemchemi yenyewe ina kipenyo cha mita 12 tu, eneo kubwa litabaki. Mimi moyo unasita, ila sina hoja ya kitaalamu. Je, vitu hivi vinapunguza kweli uwazi wa uwanja, au ni woga wangu tu?

JIBU

Shikamoo, Mwalimu, na mbukwenyi kwa wanakamati wenzako.

Moyo wako umeona sawasawa. Wenzako nao hawajakosea hesabu, ila wamehesabu kitu kingine. Chemchemi ya kipenyo cha mita 12 inachukua mita za mraba 113. Uwanja wenu una mita za mraba 2,400. Hiyo haifiki hata asilimia 5, na mtu akiishia hapo ataona mnagombania kidogo. Sasa chukua karatasi, uchore uwanja wenu kwa kipimo, kisha utafute duara kubwa kabisa linaloweza kukaa ndani yake bila kugusa kitu. Uwanja ukiwa mtupu, duara hilo lina kipenyo cha mita 40, sawa na mita za mraba 1,257. Weka chemchemi katikati, utafute tena. Duara linasukumwa kwenye kona, na kipenyo chake kinashuka hadi mita 25 na nusu, yaani mita za mraba kama 510. Kitu kinachokalia chini ya asilimia 5 ya ardhi kimewanyang'anya karibu asilimia 60 ya mahali ambapo watu wanaweza kukusanyika pamoja.

Kwa idadi ya watu ni hivi. Mkutano wa watu waliosimama bila kubanana unataka nafasi ya mita ya mraba moja kwa kila watu wawili. Duara la kwanza linabeba watu 2,500, la pili linabeba 1,000. Wale wengine 1,500 hawajafukuzwa, wapo, lakini wako nyuma ya maji, au wamegawanyika kulia na kushoto, na hawamwoni anayezungumza.

Ndiyo maana mimi huwaambia wanaoniuliza kwamba uwazi wa uwanja haupimwi kwa ardhi iliyobaki baada ya kujenga. Unapimwa kwa kipande kikubwa kuliko vyote ambacho hakijakatwa. Mambo ambayo mtaa unayahitaji sana yanataka kipande kimoja kizima: mkutano wa hadhara, ngoma, watoto wa shule kucheza mpira wa makaratasi, turubai la msiba, foleni ya chanjo. Wacheza ngoma wa Kigogo wanataka mduara, na watazamaji wanataka kuuzunguka mduara huo. Huwezi kuwapa nusu mduara huku na nusu kule.

Hili nililijifunza kwa kuumia. Miaka ya mwanzo ya kazi nilichora uwanja wa mji mmoja wa kanda hii, nikaweka bustani ya duara katikati yake, yenye ukingo wa mawe na maua mekundu. Kwenye karatasi ilipendeza mno, na waliokuja kuzindua walipiga picha. Nilirudi baada ya mwaka, siku ya sherehe, nikakuta ngoma inachezwa barabarani, magari yamesimamishwa, na uwanja wangu una mbuzi wawili na mzee mmoja aliyekaa kwenye ukingo. Wananchi hawakuwa wameususia. Haukuwa na mahali pa kuwaweka. Tangu siku hiyo kila mchoro nauanza kwa kuchora duara, na kitu chochote kitakachotaka kuingia ndani ya duara lazima kinipe sababu nzito.

Jambo hili si geni, wala halikugunduliwa na mimi. Camillo Sitte, msanifu wa Austria, aliandika mwaka 1889 kwamba katika viwanja vya zamani vya Italia sanamu na chemchemi zilisimamishwa pembeni, nje ya njia za watu, na katikati pakaachwa patupu. Aliwalaumu wasanifu wa wakati wake kwa kukimbilia kuweka kila kitu katikati kabisa kwa sababu tu rula inaonyesha kwamba hapo ndipo katikati. Na sisi hatuna haja ya kwenda Italia. Tembe la Kigogo limejengwa hivyohivyo: vyumba vinafuata ukingo, vinazunguka, na katikati unabaki uwanja ambamo mifugo inaingia jioni na shughuli za nyumbani zinafanyika. Wazee waliojenga kwa miti na udongo walijua kwamba vitu vya kudumu vikae kwenye ukingo ili vitu vinavyobadilika vipate katikati.

Basi tuhamie kwenye ukingo, kwa maana huko ndiko uwanja wenu utakapofaulu au kufa.

Mwaka 1961 jiji la New York lilitunga kanuni iliyowapa wajenzi wa maghorofa ruhusa ya kuongeza sakafu iwapo wangeacha uwanja wa wazi mbele ya jengo. Kwa kila futi ya mraba ya uwanja walipata futi 10 za sakafu. Viwanja vikaota kama uyoga, na vingi vikabaki vitupu. William H. Whyte, Mmarekani, akaanza miaka ya 1970 kuvichunguza kwa kamera zilizowekwa juu ya majengo, siku nzima, akihesabu nani anakaa wapi na kwa muda gani. Jibu alilolipata linaonekana dogo mpaka ulifikirie: watu hukaa pale penye mahali pa kukaa. Ukubwa wa uwanja haukueleza sana kwa nini huu umejaa na ule mtupu, wala umbo lake. Uwanja wa jengo la Seagram, lililokamilika mwaka 1958, haukuwekewa mabenchi, lakini ngazi zake na kingo za mabwawa yake zilikuwa na kimo cha kukalika, na ukawa miongoni mwa viwanja vilivyopendwa zaidi. Mwaka 1975 jiji likabadilisha kanuni na kudai futi moja ya mahali pa kukaa kwa kila futi 30 za mraba za uwanja.

Tukiipeleka kanuni hiyo Nkuhungu, mita zenu 2,400 zinadai kama mita 260 za kukalia. Sasa angalia: mzingo mzima wa uwanja wenu ni mita 200. Hata mkizungushia mabenchi pande zote bila kuacha njia, hamfiki. Kwa hiyo kila kitu mtakachojenga lazima kikalike. Ukingo wa shimo la mti uwe baraza. Mbele ya jukwaa pawe baraza. Ukuta mdogo wa kuzuia udongo uwe baraza. Nasema baraza kwa makusudi, kwa sababu tayari ni chombo chetu: kimo cha sentimita 40 hadi 45, mgongo ukipatikana ni heri. Na mkilijenga mbali na ukuta, lipeni upana wa sentimita 80 hivi, ili watu wakae pande mbili wamepeana migongo bila kugusana. Baraza moja la mita 10 linakuwa la mita 20.

Katika mchoro wenu bustani za maua zimeinuliwa. Muulizeni mchoraji kimo chake. Zikiwa na mita moja, hazikaliki, haziegemeki vizuri, na mtoto nyuma yake haonekani. Hizo ni kuta zilizovishwa maua, na kila moja inakata kipande chenu kikubwa. Zikiwa na sentimita 45 na zikasogezwa ukingoni, zinageuka viti.

Kivuli nitakieleza kwa urefu, kwa kuwa hapa Dodoma bila kivuli hayo mengine yote ni bure. Watu wengi hupanda miti popote penye nafasi, halafu wanashangaa kivuli kinaangukia barabarani. Jua letu lina tabia zake. Tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 6 na kidogo, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi. Siku hizo ukuta hauna kivuli kabisa. Kinachokuokoa ni kitu kilicho juu ya kichwa chako: matawi, turubai au paa. Na Oktoba ndio mwezi wenyewe wa joto na ukame, usisahau. Juni jua linahamia kaskazini, na saa ya jua kali maduka yenu ya upande wa kaskazini, yakiwa na kimo cha mita 4, yanamwaga kivuli cha mita mbili na ushei ndani ya uwanja. Hapo pana baraza la bure, mradi msilizibe kwa bustani.

Lakini saa kubwa ya uwanja wa mtaa ni alasiri na jioni. Jua liko magharibi. Tena kuna jambo ambalo wachoraji wengi hawalikumbuki: saa zetu za ukutani zinafuata mstari ulio mashariki, nje ya nchi, kwa hiyo hapa Dodoma jua linafika kileleni kwa wastani dakika 37 baada ya saa sita. Mchana wetu umesogea mbele. Saa kumi jioni jua bado liko juu na bado linachoma. Mwezi Machi saa hiyo, mti wenye kimo cha mita 6 ukisimama upande wa magharibi unarusha kivuli cha kama mita 7 kuelekea mashariki, ndani ya uwanja. Saa kumi na moja kivuli kimefika kama mita 12. Mti huohuo mkiupanda upande wa mashariki, kivuli chake cha jioni kinaenda kwenye nyumba za majirani. Kwa hiyo kama mna fedha ya miti 20, 14 iende magharibi.

Mti pia ndio ununuzi wenye faida kuliko wote kwa mtu anayelinda nafasi. Taji la kipenyo cha mita 8 linafunika mita za mraba 50, na shina lake halichukui hata mita moja ya mraba. Watu wanapita chini, wanakaa chini, wanauza ndizi chini. Linganisha na chemchemi inayochukua 113 na haikupi kivuli cha kumfunika hata kuku. Sharti ni matawi ya chini yakatwe hadi mita 2 na nusu, ili mtu aliye upande mmoja amwone aliye upande wa pili. Nawaomba sana msipande ile miti myembamba ya ashoki inayosimama kama mishumaa. Inapendwa kwenye nyua za watu, na uani ina kazi yake, lakini kivuli chake hakimtoshi mtu mmoja. Mwarobaini unakua haraka na unavumilia. Mkwaju unachelewa, lakini wajukuu watawashukuru. Mkababu, ule mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na kubaki na majani wakati wa kiangazi, ni kama umeumbwa kwa ajili ya kazi hii, ingawa miiba yake inataka usafi wa mara kwa mara. Mtaulinda na mbuzi na kumwagilia kiangazi mbili tatu za mwanzo, baada ya hapo mizizi inajitafutia.

Kuna kivuli kingine ambacho nashangaa hatukitumii, na sisi ndio mkoa wa zabibu: kichanja cha mizabibu. Nguzo za chuma, waya juu, na mizabibu michache inayotambaa. Matunda yatavuta nyuki na watoto, kwa hiyo msikiweke juu ya mabaraza yote. Lakini kichanja kimoja kwenye njia ya kuingilia kitafanya uwanja ujulikane kuwa ni wa Dodoma, ilhali chemchemi ya zege inaweza kuwa ya mji wowote.

Upepo mnaujua kunizidi. Kiangazi unakuja kutoka mashariki na kusini-mashariki, unaleta vumbi, na chamchela zinazunguka mahali popote peupe. Ukuta mzima wa tofali haulizuii vumbi vizuri. Upepo unauruka na kuanguka nyuma yake kwa fujo. Safu ya vichaka inayopitisha upepo nusu na kuzuia nusu inautuliza mpaka umbali wa kama mara kumi ya kimo chake. Vichaka vya mita moja na nusu vinatuliza mita 15 za uwanja, na jirani bado anaona kinachoendelea.

Upepo huohuo ndio hoja ya pili dhidi ya chemchemi. Maji yakirushwa juu mita 4 yanahitaji zaidi ya mita 4 za beseni kila upande ili yarudi ndani, na siku ya upepo hayarudi. Yanaloanisha watu na pevingi, na mtunzaji anazima pampu. Kuna maji yanayopaa pia. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, huku jua na upepo vikiwa na uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya hiyo. Beseni lenu la mita 113 za mraba likiwa wazi mwaka mzima litapoteza kwa wastani kama lita 600 kila siku, yaani madumu 30 ya lita 20, kabla mtoto hajachota hata kikombe. Katika jiji ambalo sehemu kubwa ya maji yake inatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, mimi siwezi kuweka sahihi yangu kwenye kitu hicho. Na beseni kavu ni baya kuliko kukosa beseni: lina mita 12, lina mifuko ya nailoni, na bado limekaa katikati.

Mfadhili akishikilia maji, na wafadhili wengi hupenda maji kwa sababu yanapigika picha, kuna njia ya heshima kwa pande zote. Ombeni vibomba vinavyochomoza usawa wa sakafu, bila beseni, na tangi likiwa chini ya ardhi. Siku za sikukuu vinafunguliwa, watoto wanarukaruka humo. Vikifungwa, sakafu inarudi kuwa sakafu na turubai linasimikwa juu yake. Pembeni wekeni bomba la maji ya kunywa. Naamini hilo ndilo litakalotumika kuliko vyote.

Jukwaa la zege lina tabia kama ya chemchemi, linatumika siku chache na linakaa siku zote. Silikatai. Nalisogeza na kulishusha. Likiwa kwenye kona ya kusini-mashariki, watu wanaolitazama jioni wanakuwa wamelipa jua mgongo, na upepo unabeba sauti kutoka kwa msemaji kuja kwao. Likiwa magharibi, umati mzima unakodolea jua. Kimo kisizidi sentimita 60, ukingo wa mbele uwe wa kukalika, na pawe na mteremko wa kiti cha magurudumu: kwa kimo hicho, mteremko wenye urefu wa mita 7 na sentimita 20. Paa la kudumu mliache. Fukieni mabomba ya chuma sakafuni ya kusimikia nguzo za turubai, yenye vifuniko. Siku ya mkutano paa lipo, kesho yake watoto wanacheza rede hapo.

Uzio ndio unaonisikitisha zaidi katika mchoro huu, kuliko hata chemchemi. Mita 200 za nondo na geti la mita 4 maana yake asilimia 98 ya ukingo imefungwa. Mama anayetoka nyumba za mashariki kwenda genge hatapita ndani tena, atazunguka, na uwanja utapoteza wapita njia, ambao ndio macho ya uwanja. New York wana bustani iitwayo Bryant Park, ambayo ilizungushiwa nondo na vichaka virefu mpaka ikawa mahali pa wauza dawa za kulevya. Ilifungwa mwaka 1988, ikafunguliwa 1992 baada ya kukata vichaka, kuongeza milango na kuweka viti vya kuhamishika, na watu wakarudi. Hofu ya kamati yenu naielewa: magari yatapanda na watu watajimegea. Kwa magari, vigingi vya zege vilivyopishana mita 1 na sentimita 20 vinatosha, kiti cha magurudumu kinapita na gari halipiti. Kwa wanaomega, kinga ni mchoro wa mipango miji. Nendeni halmashauri ya jiji, mpate nakala inayoonyesha kwamba eneo hilo limetengwa kuwa la wazi, muitunze kwenye ofisi ya mtaa. Jiji lilihesabiwa kuwa na watu kama 411,000 mwaka 2012 na kama 765,000 mwaka 2022. Mpango wa kwanza wa makao makuu, wa mwaka 1976, ulitaka vitongoji vya watembea kwa miguu vyenye nafasi za kijani kati yao. Nafasi zilizobakia hazitaongezeka.

Pevingi nitasema machache. Pevingi nyeusi zinahifadhi joto hadi usiku, chagueni za rangi ya mchanga. Msizitandaze kila mahali: chini ya miti wekeni changarawe ili mizizi ipumue. Na mteremko wa sakafu uelekezwe kwenye mashimo ya miti, kwa sababu mvua ya milimita 20 juu ya uwanja wenu ni lita 48,000, na mchoro wa sasa unazipeleka mtaroni.

Wafanyabiashara msiwasahau, maana mchoro haujawataja. Mama lishe na muuza kahawa watakuja hata mkikataza, na ni vizuri waje, kwani chakula ndicho kinachoshikilia watu jioni. Swali ni watakaa wapi. Wapeni ukanda wa magharibi chini ya miti, karibu na bodaboda, wenye alama sakafuni, taa na bomba la maji, bila vibanda vya kudumu. Forodhani kule Zanzibar, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, jioni meza za chakula zinajaa, asubuhi bustani inabaki wazi. Nafasi ileile inatumika mara mbili.

Nikiyaunganisha haya kwenye vipimo vyenu, ningewachorea hivi. Anzeni magharibi: ukanda wa mita 20 wa miti, mabaraza, meza za jioni, kichanja, na vibomba vya sakafuni kama vitakuwepo. Kisha duara la mita 36 lisilo na kitu, hata nguzo ya taa. Mashariki mita 4 za vichaka vya upepo, zenye mapengo pale ambapo watu tayari wanapita. Kaskazini na kusini mita mbili mbili za mabaraza, la kusini likipandiwa miti mifupi kando ya ukuta wa shule. Jukwaa linaingia kwenye kona ya kusini-mashariki, ambayo duara haliifikii. Taa ziwe nguzo fupi za mita 4 au 5 pembeni kote, badala ya mlingoti mmoja unaomulika nyuso na kuacha migongo gizani. Duara hilo lina mita za mraba 1,018, mara mbili ya lile mnalopewa sasa. Na upana wake una manufaa mengine: Jan Gehl, msanifu wa Denmark, ameonyesha kwamba mtu anaanza kusoma hisia za uso wa mwenzake katika mita 20 hadi 25. Anayesimama katikati yenu atakuwa mita 18 kutoka kwa kila aliye ukingoni.

Kabla ya kikao kijacho, Mwalimu, fanya jambo moja na wanafunzi wa shule hiyo. Chukueni kamba ya mita 6, mambo (kigingi cha mti) na mfuko wa chokaa. Pigeni mambo katikati ya uwanja, mchore duara la chemchemi ardhini kwa ukubwa wake halisi, na mistari ya bustani zote zilizo kwenye mchoro. Iacheni chokaa wiki nzima. Saa moja asubuhi watoto wakienda shule, angalieni vijia vyao vinakata wapi. Saa kumi jioni angalieni kivuli kiko wapi na watu wamekaa wapi. Siku nyingine nendeni Nyerere Square katikati ya mji, mwandike wangapi wamekaa kivulini na wangapi juani, na wamekalia nini. Kisha waalikeni wajumbe na mfadhili mwenyewe wasimame ndani ya chokaa, si ofisini. Mwombeni mjumbe anayependa chemchemi kuliko wote asimame upande mmoja na kusoma tangazo la mtaa kwa sauti, wengine wakiwa wametawanyika kama ambavyo wangekaa siku ya mkutano. Niandikie mliyoyaona, pamoja na kimo cha bustani zile na jina la mti uliotajwa kwenye mchoro. Nitawachorea upya bila malipo, kwa kipimo cha 1 kwa 200, ili muwe na kitu mkononi cha kuweka mezani.